Mwanafunzi wa Kiarabu na Kalamu Yake

Kijana aliyelelewa katika vyuo vya mwambao wetu, tangu Lamu na Mombasa hata Tanga, Unguja, Pemba na Kilwa, aghalabu huwa amekwisha kuihifadhi Ajurumiya, kile kitabu cha nahau, kabla ya kuota ndevu, akaweza kuzitaja kwa mpango alama za raf'u, nasbu, hafdhi na jazmu bila ya ulimi wake kuteleza. Na ukimpa ile sentensi iliyozoeleka ya dharaba Zaidun Amran, ataifanyia irabu neno baada ya neno, hii fiili madhi, huyu faili, huyu mafuuli bihi, mpaka wazee waliohudhuria watikise vichwa kwa furaha. Walakini kijana huyo huyo, ukimpa karatasi tupu na kumwomba amwandikie ami yake aliyeko Maskati barua ya mistari kumi, amwarifu hali ya nyumbani, ugonjwa wa bibi na mavuno ya karafuu, atakaa na kalamu mkononi kitambo kirefu, na mistari atakayoitoa hatimaye itakuwa na makosa ambayo mwenyewe asingaliyavumilia lau angaliyakuta katika daftari la mwenziwe.

Jambo hili lanisikitisha, nami sitaki kumtupia lawama mtoto, wala mwalimu wake, wala Ajurumiya yenyewe, kitabu kidogo chenye baraka ambacho mtungaji wake, Ibn Ajurrum wa Fez huko Moroko, aliyefariki mwaka 1323, alikuwa mtu wa asili ya Kiberiberi, na kwa hiyo hakuwa mgeni wa taabu za mtu ajifunzaye Kiarabu ilhali wazee wake walisema lugha nyingine. Ninaloliona ni kwamba tumezoea kumfundisha mwanafunzi wetu kuifumbua lugha iliyokwisha kutungwa na wengine, tukamnyima nafasi ya kutunga yake; tena tumemfundisha kana kwamba alikuja chuoni bila ya lugha yoyote kinywani, na hali alikuja na Kiswahili, lugha yenye sarufi pana na madhubuti, ambayo kila anapoandika Kiarabu humsaidia mahali na kumpoteza mahali.

Malalamiko ya namna hii ni ya zamani. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kufariki Kairo mwaka 1406, aliyaeleza kwa kirefu katika Mukadima yake, akatenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kuzijua kanuni za lugha, na kuwa na ile aliyoiita malaka, yaani mazoea yaliyokita ndani ya nafsi mpaka lugha ikatoka bila ya kutafutwa. Alisema kwamba wako mabingwa wa nahau, wenye kuzihifadhi kanuni zote, ambao wakitakiwa kuandika mistari miwili kwa ndugu au rafiki, au kupeleka shitaka la kudhulumiwa, hukosea na kukithirisha makosa. Na wako wengine waandikao nathari na mashairi kwa uzuri, nao hawawezi kumtenga faili na mafuuli wakiulizwa. Mfano alioutoa ni wa mtu anayejua kuieleza kazi ya ushoni, namna ya kutia uzi katika tundu la sindano na kupitisha mshono, kisha akiambiwa ashone nguo hajui aanzie wapi. Aliongeza jambo ambalo waalimu wetu wangelipima: kwamba kitabu cha Sibawaihi kilimfaa mwanafunzi kwa sababu kilijaa mithali za Waarabu na ushahidi wa mashairi yao, hivyo msomaji akapata kanuni pamoja na lugha yenyewe, walakini vitabu vilivyofupishwa baadaye, vilivyoondolewa mithali na ushahidi, humwachia msomaji kanuni tupu.

Na huyo Sibawaihi, ambaye kitabu chake kiliitwa Kitabu bila ya jina jingine kwa jinsi kilivyopita vyote, alikuwa nani? Alikuwa Mwajemi aliyekulia Basra, akafariki mwishoni mwa karne ya 8, naye alijifunza Kiarabu kama anavyojifunza kijana wetu, kwa juhudi na kwa kukosolewa. Riwaya mashuhuri husema kwamba alikuwa akisoma hadithi mbele ya Hammad bin Salama, likapita neno laisa likifuatwa na jina la sahaba Abu Dardaa, naye akalitamka jina hilo kwa raf'u, Abu, akidhani ni isimu ya laisa, ilhali hapo laisa ilikuja kwa maana ya kutoa mmoja katika wengi, na jina linalofuata hustahili nasbu: Aba. Mwalimu wake akamwambia mbele za watu kwamba amekosea. Kijana akaondoka na azma ya kutafuta elimu ambayo mtu hatamkosoa tena kwayo, akashikamana na mwanazuoni Khalil bin Ahmad, na matokeo yake ndiyo nahau tunayoisoma hata leo. Naipenda riwaya hii kwa sababu ya udogo wa kosa lenyewe: ni kosa la herufi moja, wau mahali pa alifu, nalo ni katika yale majina matano ambayo kila mtoto wa chuo huyahesabu kwa vidole. Basi aliyeihudumia nahau ya Kiarabu kuliko watu wote alikuwa mwanafunzi wa lugha ya pili, na mlango alioingilia ulikuwa ni kosa lake mwenyewe.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo, kwenye makosa, maana makosa ya mwanafunzi anayesema Kiswahili yana asili zake, na mwenye kuzitazama kwa utulivu huona kwamba mengi yao ni ushahidi wa akili inayofanya kazi.

Mtoto ataandika juu ya mama yake. Ataanza vizuri, ummi maridhatun, kwa kuwa ile taa marbuta ameishika tangu darasa la kwanza. Lakini akifika mstari wa tatu, mama amegeuka kuwa huwa badala ya hiya, naye yadhhabu badala ya tadhhabu. Mwalimu asiye na subira humrudisha katika jedwali la dhamiri, na jedwali hilo mtoto alilijua zamani. Asilolijua ni kuichukua jinsi ya mtu aliyetajwa juu na kwenda nayo mistari saba chini, kwa sababu Kiswahili hakikumlazimisha hata siku moja kufanya hivyo: yeye ni yeye, awe baba au mama, na kile kiambishi a- humtosha mume na mke. Desturi hii haipatikani kwa kuhifadhi jedwali. Hupatikana kwa kuandika habari ndefu za mtu mmoja wa kike, leo na kesho na wiki ijayo, mpaka mkono uzoee.

Atakuja katika vitabu, miti na siku. Kiarabu, kikiwa na vitu vingi visivyo na akili, huvisifu kama mwanamke mmoja: alkutubu jamilatun. Mtoto wetu atataka kusema haulai kwa vitabu, kama asemavyo haulai kwa wanafunzi, naye atashangaa anapokatazwa. Mwalimu akimwambia tu kwamba hiyo ndiyo kaida, atanyamaza na kusahau. Lakini akimkumbusha kwamba hata katika Kiswahili chake kiboko huitwa kiboko mkubwa wala haitwi kiboko kikubwa, ijapokuwa jina lake laanza na ki-, kwa sababu lugha yetu imeweka mpaka baina ya chenye uhai na kisicho uhai, atafahamu mara moja kwamba Kiarabu nacho kimeweka mpaka, ila kimeuweka mahali pengine, baina ya mwenye akili na asiye na akili, na kwa hiyo wanyama, ambao kwetu wamesimama pamoja na watu, huko wamesimama pamoja na vitu. Maelezo hayo hayazidi dakika mbili, na mtoto aliyelelewa katika ngeli huyapokea kwa furaha, kwani upatanisho wa maneno ni kitu alichonyonya pamoja na maziwa.

Kadhalika fiili inapotangulia. Sisi husema walikwenda wanafunzi, na ile wa- haiachi kazi yake kwa kuwa wanafunzi wamekuja nyuma. Kiarabu fasaha hutaka dhahaba ttullabu, fiili ikae katika umoja wake, hata faili wawe elfu. Mtoto huandika dhahabu ttullabu, na wau ile ya jamii huonekana wazi katika hati. Ni vyema mwalimu ajue, na amwambie mwanafunzi, kwamba wana nahau wenyewe wamesajili kwamba baadhi ya makabila ya Waarabu walisema hivyo hivyo, na lugha hiyo wakaipa jina la akaluni lbaraghithu kutokana na mfano wa mtu aliyeliwa na viroboto. Haifai kutumiwa katika insha ya leo. Walakini mtoto akijua kwamba kosa lake liliwahi kuwa lahaja ya watu, hatajiona mjinga, na atalikumbuka.

Tatizo la alifu na lamu ni zito zaidi. Kiswahili husema nyumba kubwa, na kikitaka kukamilisha habari husema nyumba ni kubwa. Kile kijineno ni ndicho kinachotenga sifa na khabari. Kiarabu hakina ni. Albaytu lkabiru ni nyumba kubwa, na msikilizaji hungojea habari yake. Albaytu kabirun ni sentensi nzima, iliyotimia. Kazi yote ya ni imebebwa na kuwepo au kutokuwepo kwa al katika neno la pili, na mtoto asiyeambiwa hivyo kwa Kiswahili kinachoeleweka huandika sentensi zisizokwisha, moja juu ya nyingine, naye akidhani amesema kila kitu. Na katika idhafa hali huzidi ugumu. Atakapotaka kusema kitabu kipya cha mwalimu, ataiweka sifa papo hapo baada ya kitabu, kama tufanyavyo sisi, au ataipa al kila neno lililo karibu. Kiarabu hutaka mudhafu uvuliwe al, na sifa ingojee mpaka mudhafu ilaihi apite: kitabu lmuallimi ljadidu. Sasa, ni kitabu kilicho kipya au ni mwalimu? Irabu ya neno la mwisho ndiyo itakayohukumu, dhamma kwa kitabu na kasra kwa mwalimu, lakini hati ya kawaida haina irabu, na msomaji hubaki na shaka. Mwandishi mzoefu huiona shaka hiyo kabla ya msomaji, akageuza: alkitabu ljadidu lilmuallimi. Maarifa ya namna hii hayamo katika Ajurumiya, wala hayatarajiwi kuwamo; hupatikana mezani, baina ya mwanafunzi anayeandika na mwalimu anayesoma alichoandika.

Upo pia upande wa msaada. Mtoto wa Kiingereza hutaabika sana na ile dhamiri inayorudi katika sila, alkitabu lladhi qaraatuhu, kwa kuwa lugha yake haina jambo la mfano huo. Mtoto wetu anayo tayari, maana husema kitabu nilichokisoma, na ile -ki- ya pili ndiyo ile hu ya Kiarabu, imekaa tu upande wa pili wa fiili. Anachohitaji kuonywa ni kwamba jina likiwa nakira, alladhi huondoka, kitabun qaraatuhu, na hapo Kiswahili humdanganya kwa kuwa hakitengi maarifa na nakira katika kirejeshi chake. Vivyo hivyo minyambuliko: aliyezoea kutoa andikiana katika andika hashangai kuiona kaataba ikitoka katika kataba, wala aliyezoea jua na julisha hatapotea baina ya alima na allama. Sijui kwa nini hazina hii haitumiwi, ila kwa ile dhana kwamba Kiswahili hakina nafasi katika darasa la Kiarabu. Mohammad Alhawary, katika kitabu alichokitoa mwaka 2009 juu ya namna watu wazima wajifunzavyo nahau ya Kiarabu, alilinganisha wanafunzi wa Kiingereza, Kifaransa na Kijapani, akaonyesha kwamba lugha ya mama hubadilisha njia ya mtu katika jambo kama upatanisho wa jinsi, ambamo Mfaransa, ambaye lugha yake ina jinsi, huwa na nafuu. Msemaji wa Kiswahili naye anazo nafuu zake na mitego yake, na mwalimu wake anapaswa kuzijua kama mganga ajuavyo tabia ya mwili wa mgonjwa wake.

Hesabu za Kiarabu, yaani ile kaida ya tatu mpaka kumi kupingana kwa jinsi na kile kinachohesabiwa, siziongezei neno. Hata Waarabu wenyewe hukosea humo, nazo hukaa kwa mazoezi mengi.

Irabu yataka maneno yake. Mwenye kusema aweza kuificha. Na katika Waarabu upo msemo wa tangu zamani unaomshauri msemaji atie sukuni mwisho wa neno apate kusalimika. Mwenye kuandika naye huificha, kwa kuwa hati haina harakati, na mwanafunzi hodari aweza kuandika kurasa mbili bila ya kudhihirisha kama anajua raf'u au hajui. Walakini kuna mahali ambapo hati haisitiri: katika muthana, katika jamii ya mudhakari salimu, katika majina matano, katika zile fiili tano ambazo nuni yake huanguka, katika fiili yenye illa ambayo herufi yake ya mwisho hukatwa kwa jazmu, na katika tanwini ya nasbu inayodai alifu. Hapo ndipo kalamu humwambia mwalimu ukweli ambao kisomo hakikumwambia. Na mfano mmoja mdogo wanitosha. Ile dharaba Zaidun Amran tuliyoitaja, ambayo mtoto ameisema mara zisizo na hesabu, mwambie aiandike. Wengi watalitia jina la Amr wau mwishoni, kama walivyoliona limeandikwa katika vitabu, kwa kuwa wau hiyo huzidishwa kulitenga na jina la Umar. Lakini jina likiwa katika nasbu lenye tanwini, wau huondoka na alifu hushika mahali pake. Ulimi ulihifadhi sentensi hiyo miaka, na mkono haukuwahi kuambiwa.

Sasa juu ya kusahihisha. Iko desturi ya kulirudisha daftari limejaa wino mwekundu kutoka juu hata chini, kila kosa limepigiwa mstari na hakuna lililoelezwa, na mtoto akalifunga daftari asilifungue tena. Kosa la hamza, kosa la sadi iliyoandikwa sini, kosa la irabu na kosa la mpango wa maneno si ndugu. Moja ni la imlaa, jingine la sikio, jingine la nahau, na kuyapiga yote kwa fimbo moja ni kumpotezea mtoto njia. Bora mwalimu achague mlango mmoja kwa wiki, kama idhafa, asahihishe humo tu kwa ukamilifu, amwachie mtoto mengine mpaka zamu yake ifike, na amtake aiandike upya insha ile ile. Pia ayaweke makosa. Abdullah Alfaifi, akiwa katika Chuo Kikuu cha Leeds, alikusanya huko Saudi Arabia mwaka 2012 na 2013 maandishi ya wanafunzi 942 wa mataifa 67, Waarabu na wasio Waarabu, yapatayo maneno 280,000 na zaidi, ili waalimu na wachunguzi waone mwanafunzi hukosea wapi hasa. Mwalimu wa chuo cha mtaani hahitaji mkusanyo mkubwa kama huo; daftari moja la kunakili makosa ya wanafunzi wake lamtosha kujua kesho afundishe nini.

Wako watakaosema kwamba watoto wetu husoma Kiarabu kwa ajili ya Kurani na sunna, na kwamba barua na insha ni mambo ya wafanya biashara. Naiheshimu nia hiyo, kwani ndiyo iliyojenga vyuo vyetu, lakini hoja yenyewe haisimami. Aliyeirudisha dhamiri ya sila kwa mkono wake huiona katika aya bila ya kuonyeshwa. Aliyewahi kuhangaika na sifa inayongojea baada ya mudhafu ilaihi hatababaika akiikuta katika tafsiri. Fauka ya hayo, wanazuoni wa pwani hii waliandika. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitoa Mombasa mwaka 1932 gazeti lake la Al-Islah kwa Kiarabu na Kiswahili pamoja, akazungumza na umma wake juu ya malezi, elimu na siasa. Hakuiona kalamu ya Kiarabu kuwa ni ya wageni. Na hii leo Kiarabu ni somo linalotahiniwa katika shule za sekondari za Kenya na Tanzania, na vijana wetu huenda Madina na Kairo kwa masomo ya juu, ambako hutakiwa kuandika tangu wiki ya kwanza.

Vitabu tulivyonavyo vina manufaa makubwa. Ile silsila ya masomo ya Madina aliyoitunga Dakta V. Abdur Rahim, naye mzaliwa wa India ambaye Kiarabu hakikuwa lugha ya mama yake, imewafungulia mlango watu wa kila bara. Lakini ilitungwa kwa wageni wote kwa jumla, na haiwezi kujua kwamba msomaji wake ana yeye moja kwa mume na mke, au kwamba ana ni ambayo Kiarabu hakina.

Kwa hiyo nawaomba waalimu wa vyuo watenge kipindi kimoja katika kila wiki ambacho matini yatafungwa na daftari zitafunguliwa, mtoto aandike habari zake mwenyewe kwa Kiarabu chake, kidogo kilivyo, na aelezwe kosa lake kwa Kiswahili. Na wale wenye uwezo ambao kila Ramadhani huchapisha juzuu na matini wakitaraji thawabu kwa Mola wao, nawasihi mwaka huu watoe sehemu ya fedha hizo kuchapisha kitabu cha mazoezi ya insha, kitakachotungwa na waalimu wetu wenyewe kwa ajili ya msemaji wa Kiswahili, chenye kurasa tupu nyingi za kuandikia.